Usaha Kifuani na Upasuaji wa Kamera: Kwa Nini Siku Zinahesabiwa

Katika lugha yetu neno kichomi hubeba mambo mengi kwa pamoja. Mtu akichomwa ubavuni kila avutapo pumzi husema ana kichomi. Mwenye nimonia huitwa mgonjwa wa kichomi. Hata aliyeumia msuli kwa kubeba gunia hulalamikia kichomi. Makala haya yanahusu kichomi cha aina moja tu: kile kinachobaki baada ya nimonia kutibiwa, homa ikarudi, pumzi zikawa fupi, na upande mmoja wa kifua ukaanza kujaa. Wataalamu huuita ugonjwa huo empayema, yaani mkusanyiko wa usaha katika nafasi iliyo kati ya pafu na ukuta wa kifua. Tutaeleza jinsi unavyotibiwa kwa upasuaji wa matundu madogo unaoongozwa na kamera ya video, na kwa nini upasuaji huo humfaa zaidi mgonjwa aliyefika mapema.

Yapo magonjwa mengi ya mapafu yanayotibiwa kwa kamera, na tumeuchagua huu kwa sababu moja. Katika saratani ya pafu, au katika pafu linalovuja hewa mara kwa mara, daktari bingwa huamua kutumia kamera baada ya kumpokea mgonjwa na kumchunguza. Katika usaha wa kifuani uamuzi huo, kwa sehemu kubwa, umekwisha kufanywa kabla bingwa hajamwona mgonjwa. Umefanywa na siku zilizopita nyumbani, katika zahanati, katika kituo cha afya na katika wodi ya hospitali ya wilaya. Kwa hiyo makala haya, ingawa yanahusu kifaa kinachopatikana katika hospitali chache, yameandikwa zaidi kwa ajili ya wale wasio nacho.

Jinsi usaha unavyokomaa

Pafu limevikwa utando mwembamba wenye matabaka mawili. Tabaka la ndani limeshikamana na pafu lenyewe. La nje limetanda upande wa ndani wa mbavu na juu ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Kati ya matabaka hayo huwamo maji machache mno, vijiko vichache vya chai, yanayoyawezesha kuteleza moja juu ya jingine kila mtu avutapo pumzi. Nimonia inapofika karibu na uso wa pafu, utando huo huvimba na kuanza kuvuja maji.

Mwaka 1962 Jumuiya ya Magonjwa ya Kifua ya Marekani iliyagawa mabadiliko yanayofuata katika hatua tatu, na mgawanyo huo unatumika hadi leo. Mfano wa uji unaweza kutusaidia kuuelewa. Uji ukiwa bado moto humiminika wenyewe. Ukianza kupoa hufanya utando na mabonge. Ukiachwa usiku kucha hushika sufuria, na anayeukwangua huikwaruza sufuria yenyewe.

Katika hatua ya kwanza, ambayo ni ya siku chache tu, maji ni mepesi na mara nyingi hayajaingiwa na vijidudu. Antibiotiki zinazofaa, pengine pamoja na kuyatoa maji kwa sindano yakiwa mengi, kwa kawaida hutosha. Katika hatua ya pili vijidudu vimekwisha kuingia, chembe nyeupe za damu zimejaa, na maji yanageuka usaha. Hapo hujitokeza fibrini, ambayo ni nyuzi za protini zilezile zinazogandisha damu katika kidonda. Nyuzi hizi hujenga kuta ndogo ndogo na kuigawa nafasi ile katika vyumba vingi, kila kimoja na usaha wake. Mrija ukiwekwa hukimaliza chumba kimoja, na vile vingine hubaki kama vilivyokuwa. Katika hatua ya tatu, ambayo huanza kujengeka karibu na wiki ya pili au ya tatu, chembe zinazotengeneza kovu huingia katika nyuzi hizo na kuzigeuza ganda gumu linalolivika pafu pande zote. Pafu lililofungwa hivyo haliwezi kutanuka hata usaha wote ukitolewa. Linabaki limejikunja, na nafasi iliyo wazi hujaa usaha tena.

Kamera hufanya kazi yake vizuri kabisa katika hatua ya pili. Katika hatua ya tatu, mikono yenye uzoefu huweza wakati mwingine kulivua pafu ganda lake kwa kamera, lakini kadiri siku zilivyopita tangu dalili zianze ndivyo uwezekano wa kulazimika kukifungua kifua unavyoongezeka.

Somo la mwaka 1918

Msomaji asifikiri kwamba jibu la jambo hili ni kuharakisha kisu tu. Historia inatuonya. Mwaka 1918, katika kambi za jeshi la Marekani, nimonia iliyofuatia surua na mafua makali iliwaachia askari wengi usaha kifuani. Madaktari wa jeshi walifuata kanuni ya kale kwamba usaha hutolewa popote ulipo, wakavifungua vifua hivyo mapema na kuviacha wazi. Takriban askari 30 kati ya kila 100 waliougua walikufa. Tume iliyoundwa kuchunguza vifo hivyo, ambamo alikuwamo daktari mpasuaji Evarts Graham, iligundua kosa lilipokuwa. Katika siku za mwanzo pafu bado halijashikamana na ukuta wa kifua, hivyo tundu lililo wazi huruhusu hewa kuingia, pafu la upande ule husinyaa, na moyo pamoja na pafu la pili husukumwa huku na huku kwa kila pumzi. Mgonjwa hakuuawa na usaha peke yake; aliuawa pia na tundu.

Tume ilishauri usaha ulio mwepesi utolewe kwa njia iliyofungwa isiyoingiza hewa, nafasi iliyobaki isafishwe na kuzibwa mapema ili ugonjwa usiwe sugu, na mgonjwa alishwe vizuri. Vifo vikashuka hadi karibu askari 4 kati ya 100. Ikumbukwe kwamba hizo zilikuwa zama za kabla ya antibiotiki. Mrija wenye chupa ya maji tunaoutumia wodini leo unatimiza kanuni hiyo ya njia iliyofungwa, na ushauri kuhusu chakula ndio unaosahauliwa kuliko yote. Mwenye usaha kifuani hupoteza protini nyingi kila siku kupitia usaha huo. Maharage, mayai, dagaa na maziwa ni sehemu ya tiba yake, na muuguzi anayeuliza kama sahani imerudi tupu anatibu.

Wazo la kuchungulia kifuani kupitia tundu dogo lilikuwapo tayari wakati ule. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus, daktari wa magonjwa ya ndani huko Stockholm, alichapisha taarifa ya jinsi alivyokitumia kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo kutazama ndani ya kifua na tumbo. Baadaye aliitumia njia hiyo kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Zama hizo kifua kikuu kilitibiwa kwa kuingiza hewa kifuani ili pafu lisinyae na kupumzika. Pale ambapo pafu lilikuwa limenata ukutani na kukataa kusinyaa, Jacobaeus alizikata nyuzi zilizolishika, akitazama kupitia tundu moja na kukata kwa waya wa moto kupitia la pili. Dawa za kifua kikuu zilipopatikana kuanzia miaka ya 1940, kazi hiyo ilififia. Ilirudi kwa nguvu karibu na mwaka 1990, pale kamera ndogo za video zilipowezesha timu nzima kuona kwenye skrini kile ambacho zamani kilionwa na jicho moja la mtu mmoja.

Kuutambua ugonjwa bila mashine kubwa

Mgonjwa wa nimonia aliyeanza antibiotiki zinazofaa hutarajiwa kuanza kupata nafuu ndani ya siku mbili au tatu. Asipopata, au homa ikishuka kisha ikarudi, swali la kwanza liwe hili: je, kuna maji kifuani? Wengi wetu hubadilisha dawa kwanza na kuuliza swali hilo baadaye. Ningependa mpangilio huo ugeuzwe.

Vidole na sikio huweza kulijibu swali hilo popote. Gonga mgongo kwa kidole, ukilinganisha kulia na kushoto. Mahali palipo na maji hutoa mlio mzito usio na mwangwi, kama kugonga ukuta wa matofali, na sauti ya pumzi hapo huwa hafifu au haipo kabisa. Eksirei ya mgonjwa aliyesimama huanza kuonesha maji yanapofikia takriban mililita 200. Ultrasaundi huonesha maji machache zaidi ya hayo, tena huonesha kitu ambacho eksirei haiwezi kukionesha: kuta za fibrini. Ile mashine inayotumiwa kuwapima wajawazito, ikiwekwa ubavuni, hutofautisha maji yaliyo wazi na maji yaliyogawanyika kama sega la nyuki. Huu ndio ujuzi ambao, kwa maoni yangu, ungewaokoa wagonjwa wengi kuliko kununua kamera nyingine ya upasuaji.

Maji yakipatikana, yachotwe kwa sindano na yatazamwe. Usaha ukionekana kwa macho, uchunguzi umetosha kuamua: mrija unahitajika. Yakiwa na ukungu au yakiwa safi, maabara ipime. Kiwango cha pH kilicho chini ya 7.20 huashiria kwamba maambukizi yameingia na mrija unahitajika. Pale ambapo pH haiwezi kupimwa, sukari ya maji hayo iliyo chini ya milimoli 3.3 kwa lita huelekeza upande huohuo. Vijidudu vikionekana kwa hadubini, hoja imekwisha. Harufu mbaya kama ya kitu kilichooza huashiria vijidudu visivyohitaji hewa, na antibiotiki zichaguliwe kwa kuzingatia hilo.

Kuhusu kifua kikuu, naomba nizungumze bila kuficha. Katika nchi zetu maji kifuani mara nyingi hutokana na kifua kikuu, na maji hayo kwa kawaida ni ya rangi ya majani makavu, hujijenga kwa wiki kadhaa, na huisha kwa dawa za kifua kikuu bila mrija wala kisu. Kwa sababu hiyo imezuka mazoea ya kumwanzishia dawa hizo kila mwenye maji kifuani na kumwambia arudi baada ya mwezi. Kwa mwenye kifua kikuu uamuzi huo huwa sahihi. Kwa mwenye usaha wa vijidudu vya nimonia, mwezi huo ni muda wote aliokuwa nao. Anaporudi, uji umekwisha kushika sufuria. Kuyachota maji na kuyatazama huchukua dakika chache na huwatenganisha wengi wa wagonjwa hawa wawili. Ikumbukwe vilevile kwamba kipimo cha vinasaba vya kifua kikuu kikiwa hasi katika maji ya kifuani hakithibitishi kwamba ugonjwa haupo. Shaka ikibaki, kamera huweza kuingizwa, utando ukatazamwa kwa macho, na vipande vikachukuliwa kutoka mahali palipobadilika. Kila mgonjwa wa namna hii ashauriwe pia kupima VVU.

Mrija ulio mahali pake

Mrija wa kifua huwekwa katika pembetatu salama iliyo chini ya kwapa: mbele kuna ukingo wa msuli mkubwa wa kifua, nyuma ukingo wa msuli mpana wa mgongo, na chini mstari wa usawa wa chuchu. Mkato upite juu ya ubavu, kamwe usipite chini yake, kwa maana mishipa ya damu na neva hujificha chini ya kila ubavu. Usaha uliojitenga mahali pengine huhitaji kuongozwa na ultrasaundi. Maji yakiwa mengi, yasitolewe zaidi ya lita moja na nusu kwa mkupuo mmoja; pafu lililosinyaa kwa muda likitanuka ghafla huweza kujaa maji ndani yake, na mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu akaanza kukohoa na kukosa pumzi.

Hapa nina deni la kukiri. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimwekea mrija kijana mmoja, fundi seremala, aliyekuwa na usaha upande wa kulia. Usaha ulitoka mwingi siku ile, na sote tulifurahi. Kila asubuhi tulipopita wodini tuliitazama chupa, tukaona maji yakipanda na kushuka kwa pumzi zake, tukaandika katika faili: mrija unafanya kazi. Homa ilikuwa ya chini, siyo ya kutisha. Tuliandika maneno hayo kwa siku 12. Maji kupanda na kushuka hueleza tu kwamba mrija haujaziba. Hayaelezi kama pafu limetanuka, na hilo ndilo swali ambalo sikuliuliza. Eksirei ilipopigwa, pafu lilikuwa limejikunja chini ya ganda nene. Alifunguliwa kifua kwa mkato mrefu, akakaa wodini wiki nyingi, na alipopona aliniambia kwamba randa ilimshinda kwa sababu ubavu ulimuuma kila alipoisukuma. Tangu hapo kanuni yangu ni hii: baada ya mrija kuwekwa, eksirei au ultrasaundi irudiwe ndani ya saa 24, na ndani ya siku tatu hadi tano liwepo jibu la wazi. Homa imeisha? Pafu limetanuka? Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya hayo, simu ya rufaa ipigwe siku hiyohiyo.

Kabla ya upasuaji ipo njia nyingine inayoweza kujaribiwa: kuingiza dawa kupitia mrija ili kuziyeyusha kuta za ndani. Dawa ya zamani, streptokinasi, ilipojaribiwa Uingereza kwa wagonjwa wazima katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, haikupunguza vifo wala haja ya upasuaji. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2011, ulitumia dawa mbili kwa pamoja, moja ya kuvunja fibrini na nyingine ya kulainisha usaha. Mchanganyiko huo uliboresha utokaji wa usaha na kupunguza idadi ya waliopelekwa kwa wapasuaji, ilhali kila dawa peke yake haikufanya hivyo. Kwa watoto, dawa ya kuvunja fibrini kupitia mrija mara nyingi hutoa matokeo yanayolingana na ya kamera, na kwa jumla watoto hupona vizuri. Tatizo ni kwamba dawa hizi ni ghali na si rahisi kupatikana. Kuzisubiri kwa wiki mbili, wakati kamera ipo umbali wa safari ya siku moja, si uamuzi wa busara.

Kinachofanyika katika chumba cha upasuaji

Ndugu mgonjwa, sehemu hii ni yako, ingawa wahudumu nao wanaweza kuisoma.

Utalazwa usingizi kamili. Mtaalamu wa usingizi atakuwekea mrija wa kupumulia wenye njia mbili, kila njia ikielekea pafu moja. Kwa njia hiyo pafu zima litaendelea kupumua wakati pafu lenye ugonjwa likipumzishwa, ili mpasuaji apate nafasi ya kuona. Ndiyo maana kabla ya upasuaji utapimwa moyo, damu na uwezo wa kupumua. Asiyeweza kuvumilia kupumua kwa pafu moja hutafutiwa njia nyingine. Utalazwa kwa ubavu, upande wenye ugonjwa ukiwa juu.

Mpasuaji hukata tundu moja, mawili au matatu kati ya mbavu, kila moja likiwa na urefu wa sentimita moja hadi nne hivi. Kupitia moja huingia kamera yenye taa, nyembamba kama kalamu. Kupitia mengine huingia koleo ndefu na mrija wa kunyonya. Mbavu hazitanuliwi kwa chuma, na hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na upasuaji wa wazi. Maumivu makali ya upasuaji wa kifua, ambayo kwa baadhi ya watu hudumu miezi, hutokana zaidi na mbavu kutanuliwa na neva zilizo chini yake kubanwa. Katika saratani ya pafu faida hiyo imepimwa kwa makini: jaribio lililofanyika Uingereza kwa wagonjwa 503, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2022, lilionesha kwamba wiki tano baada ya upasuaji waliotibiwa kwa kamera waliweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi kuliko waliofunguliwa kifua.

Ndani ya kifua mpasuaji huvunja kuta, huunganisha vyumba kuwa nafasi moja, hunyonya usaha, hubandua utando ulioganda juu ya pafu, na kuosha. Kisha humwomba mtaalamu wa usingizi alijaze pafu hewa. Dakika hiyo timu nzima hutazama skrini. Pafu likipanda na kugusa mbavu, upasuaji umefanikiwa. Lisipopanda, ganda bado limelishika, na kazi inaendelea. Mwishoni huachwa mrija mmoja au miwili ili kutoa masalia.

Katika karatasi ya ridhaa utaona maneno yanayosema kwamba huenda upasuaji ukabadilishwa kuwa wa wazi. Usiyachukulie kama ishara ya uzembe. Damu ikitoka kwa namna isiyozuilika kupitia tundu dogo, au ganda likiwa gumu kiasi kwamba kulibandua kungelichana pafu, kukifungua kifua ndiyo njia salama. Madhara mengine yanayoweza kutokea ni pafu kuvuja hewa kwa siku kadhaa, kidonda kuingiwa na vijidudu, ganzi au maumivu ya ubavuni, na usaha kurudi. Uliza juu ya kila moja. Daktari anayeudhika kwa maswali hayo hajakuomba ridhaa bado.

Nimewasikia wagonjwa wengi, na zaidi jamaa zao, wakisema kwamba mtu akitobolewa kifua hadumu. Siwacheki. Imani hiyo imetokana na kuona: waliotobolewa zamani kijijini kwao walikuwa ni wale waliofika wakiwa hoi, wengine wakiwa na saratani iliyokwisha kusambaa, na tundu likalaumiwa kwa kifo ambacho ugonjwa ulikuwa umekwisha kukileta. Mama aliyekataa mrija kwa mwanawe kwa sababu hiyo anahitaji kuelezwa hivi, polepole, na kuoneshwa picha ya eksirei. Kumkaripia hakutamfanya abadili mawazo.

Baada ya upasuaji utaamshwa na kuketishwa mapema, mara nyingi siku ileile au kesho yake. Pumua kwa kina, kohoa huku ukiubana ubavu kwa mto, tembea ukiwa umeshika chupa yako. Ukiogopa maumivu ukapumua kwa juu juu, sehemu ya chini ya pafu hufunga na nimonia hupata mlango. Kwa hiyo omba dawa ya maumivu kabla maumivu hayajazidi. Mrija hutolewa pale hewa inapoacha kuvuja, majimaji yanapopungua na eksirei inapoonesha pafu limejaa. Antibiotiki huendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya kurudi nyumbani, na kuziacha kwa sababu homa imeisha ni kuukaribisha usaha tena. Ambaye usaha wake umethibitika kuwa wa kifua kikuu humaliza dozi kamili, isiyopungua miezi sita. Rudi kliniki kwa eksirei kama ulivyopangiwa, na rudi kabla ya siku hiyo ikiwa homa, kukosa pumzi au majimaji kwenye kidonda yatatokea.

Barua ya rufaa na safari

Barua nyingi za rufaa ninazozipokea husema: mgonjwa ana maji kifuani, tafadhali msaidieni. Bingwa anayeisoma hawezi kujua kama mgonjwa yu katika siku ya nane au ya arobaini. Andika tarehe ambayo dalili zilianza, kwa kumwuliza mgonjwa mwenyewe na siyo kwa kunakili siku aliyolazwa. Andika antibiotiki alizopewa na tarehe zake. Maji yalionekanaje yalipochotwa, na lini. Mrija uliwekwa lini na umetoa kiasi gani kila siku. Matokeo ya kifua kikuu na VVU. Tuma eksirei ya kwanza pamoja na ya mwisho, kwa kuwa tofauti iliyo kati yake hueleza mengi kuliko moja peke yake. Piga simu kabla gari halijaondoka.

Mgonjwa mwenye mrija asafiri nao ukiwa wazi. Wapo wanaoubana kwa koleo ili usimwagike njiani. Ikiwa pafu linavuja hewa, hewa hiyo hukosa pa kutokea na huweza kulibana pafu na moyo hadi mgonjwa akafa ndani ya gari. Chupa iwe na maji safi ya kutosha kuifunika ncha ya mrija kwa sentimita mbili hivi, isimame wima sakafuni, na ikae chini ya usawa wa kifua safari nzima, hata mgonjwa anapohamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye gari. Ikianguka, inyanyuliwe, ncha irudishwe chini ya maji, na mgonjwa aambiwe akohoe. Ndugu anayemsindikiza aoneshwe jinsi ya kufanya hivyo, naye afanye mara moja mbele ya muuguzi kabla ya kupanda garini.